Kutoka Darasani hadi Uzamivu: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Pendekezo la Utafiti katika Elimu na Sayansi ya Ujifunzaji

Walimu na wakufunzi wenye shahada ya umahiri, wengi wao wakiwa wamefundisha kwa miaka mingi, huniletea maandiko dhana (maandiko mafupi yanayoeleza utafiti wanaotaka kuufanya) yaliyorudishwa na vyuo vikuu wakitaka niwaonyeshe mahali walipokosea. Mara nyingi lugha yao ni nzuri, vyeti viko sawa na nidhamu ya kazi inaonekana. Kinachokosekana ni swali. Andiko lina mada, lina jina la wilaya, lina wahojiwa 384 na nadharia mbili zilizopangwa vizuri katika sura ya pili, lakini hakuna mahali ambapo mwandishi anaonyesha jambo asilolijua na analotaka kulijua.

Mwongozo huu unahusu kipindi cha tangu unapowaza kusoma shahada ya uzamivu hadi siku unapoingia shuleni kukusanya data. Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: mwalimu wa Baiolojia wa shule ya sekondari nchini Tanzania anayetaka kufanya utafiti kuhusu lugha na uelewa wa sayansi. Anayeomba Kenya au kwingineko afuate hatua zilezile, akibadilisha majina ya mamlaka na kalenda ya shule.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tenga miezi sita. Wanaojaribu kuandika pendekezo katika majuma matatu kabla ya dirisha la maombi kufungwa ndio wanaorudishiwa.

- Daftari moja la karatasi kwa ajili ya mambo unayoyaona darasani tu.
- Vyeti na orodha za matokeo ya shahada zote mbili. Kama ulisoma nje ya nchi, anza mapema kuomba utambuzi wa tuzo yako: Tanzania kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), Kenya kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).
- Nakala ya tasnifu yako ya umahiri, kwa sababu utaulizwa maswali juu yake.
- Mwongozo wa masomo ya uzamili (yanayofuata shahada ya kwanza, uzamivu ukiwemo) wa chuo unachokiomba, toleo la mwaka huu. Idadi ya kurasa, mtindo wa marejeo na mpangilio wa sura hutofautiana kati ya chuo na chuo.
- Programu ya kutunza marejeo. Zotero haina gharama na inatosha.
- Njia ya kupata machapisho: Google Scholar, hifadhidata ya ERIC ya machapisho ya elimu, na African Journals Online kwa majarida ya Afrika.
- Wasomaji wawili: mmoja mwalimu wa kawaida, mwingine mtafiti aliyekwisha kumaliza uzamivu.
- Makadirio ya fedha yasiyoishia kwenye ada. Weka nauli za kwenda shuleni, kurudufu mitihani, malipo ya vibali na posho ya msaidizi wa utafiti.

## Hatua ya 1: Andika ulichokiona kabla ya kusoma chochote

Kwa majuma matatu, kila siku ya kazi, andika tukio moja lililokushangaza darasani. Andika maneno yaliyosemwa, nani aliyasema, na kilichofuata. Usiandike maoni yako.

Hivi ndivyo ukurasa mmoja wa daftari la mwalimu wetu unavyoweza kusomeka. Kidato cha Pili, kipindi cha nne, wanafunzi 58. Vipande viwili vya kiazi mviringo vimelowekwa tangu asubuhi, kimoja katika maji ya bomba na kingine katika maji ya chumvi. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza maana ya osmosisi (maji kupenya utando kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi), na darasa zima linajibu kwa sauti moja, neno kwa neno kama lilivyo kwenye kitabu. Anashika kipande cha maji ya chumvi, kinapinda kama kamba, anauliza kwa Kiingereza kwa nini kimelegea. Kimya. Anarudia swali kwa Kiswahili. Msichana wa dawati la nyuma anasema, “Chumvi imeyavuta maji yaliyokuwa ndani ya kiazi, ndiyo maana kiazi kimenywea.” Jioni mwalimu anasahihisha madaftari: msichana huyo ameandika kwa Kiingereza maana ya osmosisi ya kwenye kitabu, na sehemu ya kueleza sababu ameiacha wazi.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba ukianza na machapisho utaazima maswali ya watu wengine, na mara nyingi hayo ni maswali yaliyozaliwa katika madarasa ya wanafunzi 25 wanaofundishwa kwa lugha ya nyumbani kwao. Daftari linakupa jambo ambalo msimamizi wako, hata awe profesa mwenye sifa gani, hakuliona.

Utajua umefanikiwa ukiwa na kurasa kumi na tano hivi, na ndani yake tukio moja linalojirudia zaidi ya mara tatu bila wewe kulitafuta.

## Hatua ya 2: Geuza tukio kuwa swali linaloweza kujibiwa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo usiipite haraka.

Mwalimu wetu akikimbilia kuandika, atapata kichwa kama hiki: “Changamoto za matumizi ya Kiingereza katika ufundishaji wa Baiolojia katika shule za sekondari za wilaya fulani.” Hiyo ni mada. Jibu lake linajulikana kabla hajatoka nyumbani: walimu watasema vitabu ni vichache, wanafunzi watasema msamiati ni mgumu, na mkuu wa shule atasema madarasa yamejaa. Jopo la chuo likisoma kichwa hicho linaona tasnifu nzima, na halioni ujuzi mpya ndani yake.

Fanya hivi. Chukua tukio lako na uliulize mambo manne kwa mpangilio huu. Ni nini hasa kilichotokea katika kujifunza kwa mwanafunzi? Maelezo gani mawili tofauti yanaweza kueleza tukio hilo? Ni jambo gani lingeonekana kama maelezo ya kwanza ni ya kweli, lakini lisionekane kama ni ya pili? Ninaweza kuliona jambo hilo kwa muda na fedha nilizo nazo?

Kwa tukio la kiazi, maelezo ya kwanza ni kwamba wanafunzi wanaelewa sababu lakini Kiingereza kinawazuia kuitoa. Maelezo ya pili ni kwamba uelewa wenyewe haujatengenezeka. Kiswahili kinawapa ujasiri wa kusema jambo linalokaribia ukweli, na juma lijalo litakuwa limepotea. Maelezo haya mawili yanatabiri mambo tofauti, na swali linazaliwa katikati yake:

“Wanafunzi wa Kidato cha Pili wanapojadili kwanza kwa Kiswahili walichokiona kwenye jaribio, kisha wakaandika maelezo kwa Kiingereza, maelezo yao ya sababu yanatofautianaje na ya wale walioandika moja kwa moja kwa Kiingereza, na je, tofauti hiyo bado ipo baada ya majuma sita?”

Swali hili lina watu, kitendo, kipimo na muda. Linaweza kuleta jibu ambalo mwalimu halitarajii, na hicho ndicho kigezo ninachokithamini kuliko vyote. Ukiweza kuandika sura yako ya matokeo leo, kabla ya kukusanya data, rudi mwanzo wa hatua hii.

Jihadhari na maneno “changamoto”, “mchango”, “mtazamo” na “athari za mambo mbalimbali” katika kichwa chako. Si mabaya kwa asili, ila mara nyingi yanafunika kutokuwepo kwa swali. Jaribu kuyafuta, halafu uone kama kichwa bado kinasimama.

## Hatua ya 3: Soma machapisho ukitafuta ubishi

Maandiko mengi yanayoletwa kwangu yana sentensi hii katika umbo moja au jingine: tafiti zimefanyika Dar es Salaam na Mwanza, lakini hakuna aliyefanya katika wilaya hii, kwa hiyo kuna pengo. Jopo halikubali hoja hiyo isipokuwa ueleze kwa nini wilaya hiyo inaweza kutoa jibu tofauti. Kubadilisha ramani peke yake hakuzalishi uzamivu.

Tafuta mahali ambapo watafiti makini wamepata majibu yasiyolingana, au ambapo matokeo yalikwenda kinyume na matarajio. Afrika Mashariki ina mifano mizuri. Glewwe, Kremer na Moulin, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waligundua kwamba kugawa vitabu katika shule za msingi za vijijini Kenya hakukupandisha wastani wa alama. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri, na maelezo ya watafiti yaligusa ukweli kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi kilikuwa lugha ya tatu. Tanzania, utafiti wa Mbiti na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika shule 350 za wilaya 10, ulionyesha kwamba ruzuku kwa shule peke yake haikubadilisha alama za mitihani, lakini ruzuku ikiunganishwa na motisha kwa walimu, alama zilipanda. Matokeo ya namna hii yanakupa mahali pa kusimama, kwa sababu yanaacha wazi swali la kile kinachotokea ndani ya kichwa cha mwanafunzi na ndani ya kipindi cha dakika 40.

Kuhusu lugha ya kufundishia, usipuuze kazi za nyumbani. Ripoti ya Mlama na Matteru ya miaka ya 1970, ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984, na kazi za Martha Qorro na Birgit Brock-Utne kupitia LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, zimekwisha kuonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawamudu Kiingereza cha masomo. Ukiandika uzamivu wa kuthibitisha jambo hilo tena, umechelewa. Lako linaanzia baada ya hapo.

Kwa kila chapisho, jaza mistari mitano kwenye kompyuta: swali lao, walichofanya, walichokuta, wasichoweza kukijua kwa mbinu waliyotumia, na linagusaje swali langu. Mstari wa nne ndio utakaogeuka kuwa pengo lako la kweli. Machapisho 40 yaliyosomwa hivyo yanakufaa zaidi kuliko 150 yaliyonukuliwa kutoka kwenye muhtasari wake.

Onyo la dhati: usinukuu chapisho ulilolikuta ndani ya tasnifu ya mtu mwingine bila kulisoma mwenyewe. Usichukue pia marejeo yaliyotungwa na programu za akili unde bila kuyafungua moja baada ya jingine. Hutoa majina na miaka inayoonekana ya kweli kwa machapisho ambayo hayapo, na jopo likikugundua hutapata nafasi ya kujieleza.

## Hatua ya 4: Chagua nadharia itakayofanya kazi

Vygotsky, mwanasaikolojia wa ujifunzaji, huwekwa katika sura ya pili, huelezwa kwa kurasa sita, kisha haonekani tena hadi mwisho wa tasnifu. Nadharia ikiondolewa na utafiti ukabaki vilevile, haikuwa ikifanya kazi.

Kwa mfano wetu, nadharia ya mzigo wa utambuzi iliyoanzishwa na John Sweller mwaka 1988 inatoa utabiri ulio wazi. Nafasi ya akili ya kuchakata mambo mapya kwa wakati mmoja ni finyu. Mwanafunzi anayetafuta sababu ya kiazi kulegea na papo hapo anatafuta maneno ya Kiingereza anabeba mizigo miwili. Ukimpa nafasi ya kuutua mzigo wa lugha kwanza, maelezo ya sababu yanapaswa kuwa bora. Wanaoona lugha mbili za mwanafunzi kama hazina moja isiyogawanyika watatabiri jambo lingine: kwamba faida kubwa itaonekana pale mwanafunzi anaporuhusiwa kuchanganya lugha hadi kwenye maandishi yenyewe.

Andika sentensi moja: “Kama nadharia hii ni sahihi, nitaona jambo hili; nikiona lile, nadharia itakuwa imeshindwa hapa.” Ukishindwa kuijaza sentensi hiyo, badilisha nadharia.

## Hatua ya 5: Panga mbinu, hasa sampuli na kipimo

Nianze na namba 384. Inatoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, na ndugu yake ni kanuni ya Yamane, ambayo kwa wanafunzi 12,000 hutoa 387. Zote mbili zinajibu swali moja tu: niwaulize watu wangapi, waliochaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu, ili nikadirie asilimia fulani ya kundi zima kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Utafiti wa darasani kwa kawaida haulizi swali hilo, na wanafunzi hawachaguliwi mmoja mmoja. Huchaguliwa shule, kisha darasa.

Hili lina madhara makubwa. Wanafunzi wa shule moja wanafanana, kwa sababu wana mwalimu mmoja, maktaba moja na mtaa mmoja. Kiasi cha kufanana huko hupimwa kwa namba iliyo kati ya 0 na 1. Tuseme ni 0.2, na umechukua shule 20, wanafunzi 40 kila moja, jumla 800. Zidisha 39, yaani wanafunzi wa shule moja ukitoa mmoja, kwa 0.2, halafu ongeza 1: unapata 8.8. Gawanya 800 kwa 8.8. Wanafunzi wako 800 wana uzito wa takriban 91 waliochaguliwa mmoja mmoja. Ukichukua shule 40, wanafunzi 20 kila moja, jumla inabaki 800, lakini kigawanyo kinashuka hadi 4.8 na uzito unapanda hadi takriban 167. Kwa hiyo fedha ikipatikana, ongeza shule kabla ya kuongeza wanafunzi katika shule ileile.

Mtafiti mmoja asiye na gari hawezi shule 40, na hapo ubunifu wa mpango unaokoa. Mwalimu wetu anaweza kugawa wanafunzi wa kila darasa katika makundi mawili kwa kura, kundi moja lijadili kwa Kiswahili kwanza na lingine liandike moja kwa moja. Kwa kuwa makundi yote mawili yanatoka darasa moja, tofauti kati ya shule na shule haivurugi ulinganisho, na shule nane au kumi zinaweza kutosha. Hatari yake ni makundi kusikilizana, kwa hiyo vyumba viwili vinahitajika kwa dakika hizo 40, na wale wasiojadili kwa Kiswahili wapewe muda ulio sawa wa kufikiri, la sivyo utakuwa umepima muda badala ya lugha. Kundi la pili lipewe nafasi ya kujadili kwa Kiswahili baada ya utafiti, ili pasiwe na aliyenyimwa.

Usiache kipimo cha baadaye. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba dakika tano baada ya kujifunza, waliosoma andiko mara mbili walikumbuka zaidi ya waliosoma mara moja na kujipima; baada ya juma moja, mambo yalikuwa kinyume chake. Aliyepima siku ileile tu angeondoka na hitimisho lisilo sahihi. Ndiyo maana swali letu lina majuma sita ndani yake.

Kwa zana, hojaji yenye “nakubali kabisa” hadi “sikubali kabisa” haiwezi kukuambia kama mwanafunzi ameelewa osmosisi. Mpe jambo la kueleza, kwa mfano kwa nini sukuma wiki iliyonyunyiziwa chumvi hutoa maji, kisha andaa mwongozo wa kusahihisha wenye ngazi nne, kutoka kunakili maana ya kitabuni hadi kutaja utando na mwelekeo wa maji. Watu wawili wasahihishe bila kujua karatasi ni ya kundi gani, na ulinganishe alama zao. Jaribu zana zote katika shule isiyo kwenye sampuli. Majaribio hayo yatakuonyesha mambo madogo ambayo huwezi kuyawaza mezani, kama vile wanafunzi kuliona neno “eleza” na kuandika maana badala ya sababu.

Kama swali lako linahitaji kuelewa undani, mbinu za kitaamuli, yaani zinazotegemea mahojiano na uchunguzi badala ya namba, zinakubalika kikamilifu, lakini masharti ni yaleyale: eleza kwa nini shule hizo tatu, kwa nini walimu hao sita, na utafanya nini ukikuta ushahidi unaopinga wazo lako. Kuandika tu kwamba data “zitachambuliwa kimaudhui” hakutoshi. Ambatisha ukurasa mmoja wa mahojiano ya majaribio, ukionyesha pembeni jinsi ulivyofika kwenye maudhui.

Hatua hii imekamilika pale mtu asiyekujua anapoweza kusoma mbinu yako na kwenda kuifanya bila kukupigia simu.

## Hatua ya 6: Andika andiko dhana la kurasa mbili

Sasa ndipo uandike, na uanze na kurasa mbili hata kama chuo kinaruhusu tano. Aya ya kwanza ieleze tukio. Ya pili, maelezo yanayoshindana na kile ambacho machapisho hayajaamua. Ya tatu, swali. Ya nne, mbinu pamoja na idadi. Ya tano, kitakachojulikana utafiti ukimalizika ambacho leo hakijulikani.

Futa aya yoyote inayoanza na “elimu ni ufunguo wa maisha” au historia ya elimu tangu ukoloni. Mpe msomaji wako mwalimu kwanza. Akikurudishia kwa maneno yake swali ulilokusudia, liko wazi.

## Hatua ya 7: Tafuta msimamizi kabla ya kutuma maombi

Msimamizi unayepangiwa na ofisi bila kuulizwa anaweza kuwa mtu mwema asiyejua chochote kuhusu ujifunzaji wa sayansi. Soma machapisho ya walimu wa idara unayoitaka, iwe Shule Kuu ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Chuo Kikuu cha Kenyatta au Taasisi ya Maendeleo ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Chagua watatu, mwandikie mmoja kwa wakati mmoja, na barua iwe fupi:

“Profesa, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, nimefundisha sekondari kwa miaka tisa. Nimesoma makala yako kuhusu maswali ya walimu darasani, na sehemu ya mwisho, uliposema kwamba uandishi wa wanafunzi haukupimwa, imegusa jambo ninaloliona kila juma. Nimeambatisha kurasa mbili. Ninaomba kujua kama swali hili linaweza kuwa chini ya usimamizi wako, na kama kuna kasoro unayoiona katika mbinu. Nitapiga hodi tena baada ya majuma matatu kama nitakuwa sijapata jibu. Asante kwa muda wako.”

Ukijibiwa kwa ukosoaji, furahi, kisha rekebisha na urudishe ndani ya siku kumi. Anayekukosoa kabla hajalazimika kufanya hivyo ndiye msimamizi wa kumfuata. Waulize pia wanafunzi wake wa sasa kwa faragha: anarudisha sura baada ya muda gani?

Wanaotazama nje wajue kwamba mifumo inatofautiana. Nchini Norway na Sweden nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama ajira yenye mshahara. Marekani huanza na miaka ya masomo darasani kabla ya utafiti, na vyuo vingi vya utafiti huambatanisha udahili na ufadhili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa Uingereza na wa DAAD, shirika la ubadilishanaji wa kitaaluma la Ujerumani, una tarehe zake, na zote huwahi kuliko mtu anavyodhani.

## Hatua ya 8: Panua kuwa pendekezo kamili, ukiheshimu kalenda ya shule

Kutoka kurasa mbili hadi 20 au 30 ni kazi ya majuma manne kama hatua zilizotangulia zimefanyika. Nitasisitiza ratiba tu. Shule za Tanzania huanza Januari. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, na Oktoba na Novemba ni msimu wa upimaji wa Kidato cha Pili na mtihani wa Kidato cha Nne. Anayepanga kuingia Kidato cha Pili mwezi Oktoba amepanga kufukuzwa kwa upole. Mwalimu wetu apime kwanza mwishoni mwa Februari, arudi baada ya majuma sita, na abaki na nafasi kabla ya likizo ya Juni.

Kenya, weka pia muda wa kuchapisha: mwongozo wa CUE wa mwaka 2014 unamtaka mtahiniwa wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wanataaluma. Kabla ya kutuma makala, kagua jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bila malipo, na ukimbie jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku tano baada ya malipo.

## Hatua ya 9: Jitetee mbele ya jopo

Utapewa kama dakika 15 hadi 20. Tumia tatu za kwanza kusimulia kiazi na msichana wa dawati la nyuma, kwa sababu baada ya hapo kila mjumbe atakuwa analiona darasa lako. Andaa majibu ya maswali matatu yasiyokosa kuulizwa: kwa nini jambo hili ni la uzamivu na si la umahiri, nini kitatokea usipopata tofauti yoyote, na utatenganishaje athari ya lugha na athari ya mwalimu.

Swali la pili huwatisha wengi bila sababu. Kama mpango wako ni mzuri, kukosekana kwa tofauti ni jibu, kwani litakuwa limeyapa nguvu maelezo ya pili katika Hatua ya 2.

Mjumbe akiona kasoro ya kweli, sema “nimeiona” na uiandike. Baada ya kikao tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mjumbe, nilichobadilisha, ukurasa. Marekebisho yaliyorudishwa hivyo hupita haraka.

## Hatua ya 10: Maadili, vibali na siku ya kwanza shuleni

Watoto wanahitaji ridhaa mbili: ya mzazi au mlezi, na ya mtoto mwenyewe. Fomu ya mzazi iwe ya Kiswahili chepesi, na iseme wazi kwamba kukataa hakutaathiri alama za mtoto. Kama wewe ni mwalimu wa shule hiyo, mtu mwingine ndiye aombe ridhaa, kwa maana mwanafunzi hawezi kumkatalia mwalimu anayemsahihishia. Majina yabadilishwe kuwa namba siku ileile; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa vibali, mwanafunzi wa chuo cha Tanzania kwa kawaida huanza na barua ya chuo chake, na anayetoka chuo cha nje huomba kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Barua hiyo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo ufike kwa mkuu wa shule. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayoombwa mtandaoni, kisha ujitambulishe kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Tenga miezi miwili, na usiruke ngazi hata kama mkuu wa shule ni rafiki yako, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa.

Beba nakala sita za kila barua, kwa kuwa kila ofisi itabaki na yake. Siku ya kwanza usiingie darasani. Saini kitabu cha wageni, kaa na mkuu wa shule na mwalimu wa somo, muwekeane tarehe na vyumba viwili, na mkubaliane ni lini utarudi kuwaeleza walimu ulichokikuta shuleni kwao. Iandike tarehe hiyo kwenye ratiba yako ya utafiti, kwa kalamu, pamoja na nauli yake.